Hata Hodi Hakupiga

3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, mguu umeacha kukusumbua na kuku wako wanataga bila mgomo. Sisi huku tupo, tunasukuma siku. Mimi bado niko kwenye duka la kopi mkabala na ofisi za jiji, na watu wameniita Dada Kopi kwa muda mrefu hata juzi mtu aliponiita kwa jina langu nikageuka nyuma kutazama anaitwa nani. Watoto wa jirani wamepona surua. Paka amezaa chini ya sinki. Baba anakusalimu.

Hapana, hilo la mwisho nalirudisha. Nilimwambia nakuandikia, akasema "Haya," akaendelea kutazama ukuta. Sitaki kuanza na uongo.

Nisikuzungushe, shangazi. Tangu Baba avunjike nyonga hajakanyaga ardhi. Tunakaa ghorofa ya nne, ngazi ni nyembamba na zina giza, na lifti ni shimo tu ambalo wapangaji wanatupia maganda. Dirisha analokaa linatazama ukuta wa jengo la pili, karibu kiasi kwamba ukinyoosha ufagio unaugusa. Mtu aliyeutembea mji huu wote kwa miguu, kopo la rangi mkononi, sasa anazijua nyufa za ukuta mmoja. Wiki iliyopita aliniambia, "Siku nitakayoshuka hizi ngazi nataka nishuke nimekaa, nisishuke nimelazwa." Nilikwenda jikoni nikalia mpaka chai ikachemka ikamwagika.

Nataka kumjengea chumba chini. Chumba kimoja, choo, kibaraza, na mteremko badala ya ngazi. Akiba kidogo ninayo, fundi ninaye. Nisichonacho ni kiwanja, na katika ukoo wetu kiwanja kitupu ni kile chako. Ili itoe kibali cha kujenga, ofisi ya jiji inataka barua yako ya ridhaa, yenyewe halisi, yenye muhuri wa wakili, pamoja na nakala ya hati. Baba kwa upande wake amesema neno moja tu: "Bila kibali siingii." Unamjua.

Ya nyuma sijui niyaseme vipi, kwa hiyo leo siyasemi.

Mtoto wa kaka yako,
Dada Kopi


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva wa lori la simenti, imekunjamana kama vile ndiyo iliyobeba mzigo. Mguu wangu ni ule ule, tumeshazoeana. Kuku wengine wamekufa kwa kideri, na waliobaki wananitazama kama mimi ndiye niliyewaua. Mwenye nyumba wangu amepaka rangi upande wa barabarani peke yake. Upande wetu wapangaji anasema mvua itausafisha. Jirani mshona viatu ameoa tena, safari hii mwanamke anayemzidi kelele, na mtaa mzima unalala vizuri.

Umesema ulilia mpaka chai ikamwagika. Siku nyingine ukitaka kulia, zima jiko kwanza.

Nakutumia shali. Nimeifuma mwenyewe, ni yako. Ukimfunika nayo mtu mwingine magoti, mimi sipo huko kukuona.

Kuhusu lile jambo, nimelisoma.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole kwa kuku. Huku watoto wa paka wamefungua macho na tayari wanapanda pazia. Mwenye duka letu amenunua mashine mpya ya kopi, inakula karatasi kama mbuzi, na kila ikikwama naitwa mimi kuitapisha.

Shali imefika. Nilimfunika Baba magoti. Akaishika ncha, akaigeuza kutazama mishono kwa ndani, akasema, "Huyu mfumaji anavuta uzi sana." Sikumwambia imetoka kwa nani. Lakini jana nilipotaka kuifua alikataa, akaishika kwa mikono miwili. Nadhani anajua.

Kimya chako nimekichukua kama nusu ya ndiyo, nikaanza mizunguko. Mchoraji ametoa ramani nzuri. Baba aliagiza jambo moja tu: dirisha kubwa la mbele, kizingiti chake kiwe chini, usawa wa mtu aliyekaa. Anataka kuona watu wakipita, tena aone nyuso zao.

Basi dirisha hilo ndilo limeniponza. Karani wa dirisha la tatu pale ofisi za jiji aliitazama ramani, akaigongagonga kwa kalamu.

"Hili ni dirisha la duka."

"Ni dirisha la baba yangu," nikamwambia.

"Dada, dirisha la chini namna hii, tena mbele ya barabara, ni la kuuzia. Leta kwanza kibali cha biashara."

Nikapanda ofisi ya biashara. Nikamkuta mama mmoja anamenya karanga juu ya mafaili ya watu.

"Unauza nini?"

"Siuzi kitu."

"Sasa kibali cha nini, mwanangu? Unataka tukupe ruhusa ya kutouza?"

Nikamweleza. Akanihurumia kweli, hata karanga akanipa. Kisha akasema biashara hufanyiwa ndani ya jengo, kwa hiyo nilete kwanza kibali cha jengo. Nikashuka. Karani akanipandisha. Nimepanda na kushuka ngazi zile mpaka mlinzi akaanza kunisalimia kama mfanyakazi.

Mwishowe karani alisoma jina la ukoo kwenye faili. "Wewe ni binti wa Mzee Eksi?" Nikasema ndiye. Shangazi, Baba alistaafu zamani, lakini watu hawajasahau nani alikuwa akipita na rangi nyekundu kuweka eksi kwenye nyumba zilizojengwa bila kibali, ili zibomolewe. Karani akasema, taratibu kabisa, "Nyumba ya mjomba wangu ilikwenda kwa eksi ya baba yako." Akalichukua faili langu akaliweka chini ya mengine yote. Sikuweza hata kumkasirikia.

Zimamoto wamegonga muhuri wao, afya pia. Mihuri hiyo ina muda wake, haikai milele. Naomba barua ya ridhaa, shangazi. Nakuomba.

Dada Kopi


15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mvua imeanza, na ule upande wetu wa nyumba haujasafishwa, umeota ukungu. Mshona viatu ameanza kuja kwangu kunywa chai ili apumzike na ndoa. Mguu umevimba kidogo, usiulize.

Kwa hiyo anasema navuta uzi sana. Mwambie aliyenifundisha ni mama yetu, na yeye alikuwa amekaa pale pale akinishikia uzi.

Nitasema mara moja, halafu tusirudie. Nyumba yangu haikuwa na kibali. Ni kweli. Hati ya kiwanja nilikuwa nayo, kibali cha kujenga sikuwa nacho, kama nusu ya mtaa ule. Sheria ilikuwa upande wake na mimi sigombani na sheria. Lakini sikiliza. Siku ile nilikuwa sokoni. Narudi na kikapu changu, nakuta eksi kando ya mlango wangu wa buluu, rangi bado mbichi inachuruzika. Nikaijua mara moja. Wenzake wote walipaka eksi yenye mikono sawa. Baba yako ni mtu wa shoto, na mkono mmoja wa eksi yake hutoka mrefu kuliko mwenziwe. Alifika mpaka mlangoni kwangu, mtu tuliyetoka tumbo moja, akapaka, akaenda zake. Hata hodi hakupiga.

Angepiga hodi akasema, "Dada, wamenipa kazi hii na wewe umo, toa vitu vyako mapema, mlango ung'oe," ningempa chai, ningelia, ningetoa vitu vyangu. Nilimngoja mwezi mzima aje aseme. Kilichokuja ni tingatinga. Mlango ule wa mbao ngumu ulivunjika pamoja na ukuta kwa sababu mpaka asubuhi ile nilikuwa bado naamini atakuja.

Ridhaa nitaitoa. Nataka kwanza mstari mmoja wa mkono wake. Sijasema samahani. Aandike chochote ambacho mtu humwandikia dada yake.

Na hilo dirisha usikubali kulipunguza.

Shangazi yako


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa mguu, na pole kwa ukungu. Watoto wa paka nimewagawa, amebaki mmoja anayelala kwenye shali yako, na Baba hamfukuzi.

Nilimsomea barua yako yote, sikuruka hata neno. Akasikiliza. Mwishoni akasema, "Nilifanya kazi yangu." Nikamwambia hilo haliandikiki, Baba, andika lingine. Nikamwekea karatasi na kalamu juu ya sinia, nikaenda kazini. Niliporudi jioni kalamu ilikuwa bado mkononi, mkono wa shoto, na karatasi ina hiki ninachokutumia. Hakuna salamu wala jina. Ni namba ya kiwanja chako na herufi ya kitalu.

Nilitaka kuitupa. Halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe ninayezunguka na ramani kila siku hulazimika kuitazama namba hiyo kabla ya kuiandika. Yeye hakuwa na kitu cha kutazama. Ichukue kama moyo wako utakavyokuambia.

Mengine ya Baba ni ya uzee tu. Mzee ni mzee. Mara nyingine huniita kwa jina la mama, lakini nani hajakosea majina.

Karani hajaligusa faili. Watu wananiambia mkono mtupu haulambwi. Nikitoa kitu Baba atajua, sijui kwa namna gani, lakini atajua.

Dada Kopi


1 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima.

Nimeiona namba. Haina kosa.

Ridhaa ni hii, na nakala ya hati ni hii. Wakili amegonga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza ulififia. Usizikunje.

Shangazi yako


28 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo, na samahani kwa kimya. Ulipata salamu zangu kwa dereva wa lori? Najua salamu za dereva si barua. Sikuwa na la kuandika ambalo ningependa ulisome.

Ridhaa yako ilipofika nilicheza pale dukani mbele ya wateja. Nikavuka barabara nikaipeleka. Karani akaipokea, akaisoma, akasema iko sawa, ila muhuri wa zimamoto umekwisha muda. Nikaenda zimamoto. Zimamoto wakasema hawagongi upya mpaka afya wathibitishe choo hakijahamishwa. Afya wakasema mkaguzi wao yuko likizo. Mkaguzi aliporudi, dirisha likarudi: duka au si duka? Nikapanda tena kwa mama wa karanga. Safari hii karanga hakuwa nazo.

Na muda wote huo, shangazi, kazi yangu ni nini? Ni kuwatolea watu kopi za vibali. Wanakuja wakiwa na vibali vya nyumba wanazoishi tangu mwaka juzi, wanacheka. Fundi wangu, yule tunayemwita Haraka kwa sababu hajawahi kuwa nayo, akaniambia, "Dada, jenga. Kibali kitakukuta njiani. Baba yako hana miaka ya kungojea muhuri." Nikamtazama Baba pale dirishani. Amekonda shingo. Nikasema, haya, jenga.

Nilimdanganya Baba. Nilimwambia kibali kimetoka.

Kilisimama chumba, shangazi, ungekiona! Kidogo, kinyoofu, kina mteremko laini, na dirisha lile lile la chini kama lilivyochorwa. Siku ya kumpeleka kukiona, vijana wa fundi walimbeba kwenye kiti chake cha magurudumu, ngazi hadi ngazi, wapangaji wamejipanga milangoni wanampigia makofi kama bwana harusi. Alishuka amekaa. Pale kiwanjani aliomba avuliwe kandambili, akaweka nyayo kwenye udongo, akazisugua sugua. Alicheka. Sijamsikia akicheka vile tangu mama afe. Nikasema moyoni, hata nikifungwa, nimekubali.

Kisha akatazama huku na huku.

"Kibao kiko wapi?"

Unajua jengo halali hupigiliwa kibao chenye namba ya kibali. Nikasema kibao kinapakwa rangi.

"Kibao hutangulia tofali la kwanza," akasema.

Nikainama kuokota kandambili zake. Fundi naye akajifanya anapima kitu. Baba hakunifokea, afadhali angenifokea. Pembeni kulikuwa na kopo la rangi nyekundu ya kuzuia kutu, walikuwa wanapaka nondo za dirisha. Akaomba brashi. Fundi akampa, maskini, alidhani mzee anataka kushiriki kidogo katika kazi. Baba akajisogeza na kiti chake mpaka ukutani, kando ya dirisha lake mwenyewe, akapaka eksi. Kubwa. Mkono mmoja ukatoka mrefu kuliko mwenziwe.

Nikamwuliza, "Baba, umefanya nini?" Akanirudishia brashi akasema, "Kama hiki kitasimama bila kibali, basi nyumba ya dada yangu ilivunjwa bure."

Tukambeba tukampandisha. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Sijazungumza naye wiki hii. Namlisha, namwosha, nanyamaza. Fundi alitaka kuifuta eksi pale pale, nikamwambia acha, aione kila mtu, wajue nina baba wa namna gani. Hasira tu. Nitaipaka chokaa nikipata nafasi, halafu nitamhamisha apende asipende.

Nimechoka, shangazi. Nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Dada Kopi


12 Septemba

Mwanangu,

Salamu baadaye. Ifute leo. Usingoje nafasi. Ukiisoma barua hii ukiwa dukani, funga mashine uende. Mimi naujua mji ule na naijua ile eksi.

Maneno yake uliyoniandikia nimeyasoma nimesimama, nikakaa, nikayasoma tena. Miaka yote nilitaka aseme "dada yangu" kwa mdomo wake. Sasa amelisema, na amelisemea ukutani kwako. Mpumbavu. Mpumbavu mkubwa, kaka yangu. Anadhani ananilipa. Nani alimwambia nataka chumba chake kianguke? Mimi ningetaka kisimame! Ningetaka mara moja tu katika maisha yake apite kando ya nyumba ya mtu, afumbe jicho, aende zake. Hata kama nyumba yenyewe ni yake.

Mwambie hivyo. Mwambie dada yake amesema kisimame. Mimi ndiye mwenye kiwanja.

Shangazi yako


2 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilifika wiki moja baadaye.

Jiji lilikuwa linapanua mtaro wa mtaa ule, na tingatinga lilikuja kwa ajili ya vibanda vya ng'ambo. Mimi nilikuwa dukani natoa kopi. Fundi alinipigia simu, nikakimbia na kandambili za dukani, nikakuta ukuta wa nyuma tu ndio umesimama. Nikamshika dereva shati. Mtu mzima, mvi kichwani. Akasema, "Dada, haikuwa kwenye karatasi yangu, sikufichi. Lakini niliona eksi ya mzee. Nimefanya kazi nyuma ya yule mzee tangu ujana wangu. Eksi yake hatukuwa tunaiuliza." Alidhani ananisifia baba.

Ofisini wanasema hawana kumbukumbu yoyote ya kubomoa jengo hilo. Wala hawana kumbukumbu kwamba jengo hilo lilikuwepo.

Halafu, shangazi, sikia na hili. Juzi karani wa dirisha la tatu alivuka barabara mwenyewe akaingia dukani. Ameshika karatasi. Akasema, "Nilikuwa nimeliweka chini faili lako. Nikaona haya." Kibali kimetoka. Kina mihuri yote. Dirisha limeandikwa "la makazi", kwa kipimo kile kile. Alitaka kopi ya kumbukumbu zao, kwa hiyo niliitoa mwenyewe, mashine haikukwama, nikamrudishia. Sikumwambia kwamba chumba kimeshabomolewa. Alikuwa amefurahi kwa ajili yangu.

Akiba imekwisha. Lakini hata ingekuwepo, kiti sasa hakimfai tena Baba, akikaa anateleza kama nguo. Na kuna jambo nilikuficha tangu mwanzo. Nilikuandikia ni uzee tu. Si uzee tu. Amekuwa akisahau tangu mwaka jana, kidogo kidogo, na mimi nilikuwa nashindana na hilo vilevile kama nilivyoshindana na mihuri. Nilitaka ashuke wakati bado anajua ameshuka. Ile siku ya eksi alikuwa na akili zake timamu, labda ndiyo siku ya mwisho. Sasa ananiita karani. Kila asubuhi ananiuliza lini tunakwenda kukitazama chumba. Nilimsomea maneno yako, kwamba dada yake amesema kisimame. Akasema, "Hizo ni habari njema," akauliza dada ni nani.

Sikuombi uje. Ngazi ni nyingi na mguu wako ni ule.

Dada Kopi


11 Novemba

Mwanangu,

Marahaba, ingawa hujanisalimu, maana juzi tu tumeachana. Nimefika salama kutoka kwenu. Mshona viatu alinilishia kuku vizuri, na mke wake ananiuliza mji ukoje, nikamwambia una ngazi.

Asante kwa kunisukuma mgongo kuzipanda. Ulidhani nilikuwa napumzika kila ghorofa kwa sababu ya mguu. Nilikuwa natafuta maneno.

Kuna kitu sikukuambia kwa mdomo, kwa sababu ningekuambia ungelia na jiko lilikuwa linawaka. Ni ile asubuhi ulipokwenda kumfuatia dawa. Tulibaki wawili, mimi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu naye. Alinitazama kwa muda mrefu. Mimi nikatabasamu kama mjinga, nikasema labda sasa. Akasema, kwa ile sauti yake ya kazini, ya adabu:

"Mama, wewe ndiye mwenye ile nyumba ya mlango wa buluu?"

Nikasema ndiye.

"Nilipiga hodi. Hukuwepo."

Mwanangu, mimi nilikuwa sokoni. Sijui kama alipiga. Sijui kama ni kumbukumbu au ni kitu alichojitengenezea kwa kukitamani. Hakuna mtu duniani wa kumwuliza. Yule mwenyewe niliyemuuliza kwa macho alikuwa anangoja nimjibu yeye.

Akasema, "Nyumba yako imo kwenye orodha, mama. Nimejitahidi, lakini imo. Utoe vitu vyako mapema. Na mlango uung'oe kwanza, ni mbao nzuri ile, usiuache uvunjike."

Nikamwambia nimeshautoa.

"Afadhali," akasema. "Una ndugu wa kukusaidia kubeba?"

Nikasema ninaye, ninaye kaka. Akatikisa kichwa, akaridhika, akarudi kuutazama ukuta wake. Shali ilikuwa imeteleza kutoka magotini mwake, nikamfunika vizuri. Akasema, "Asante, mama."

Kile kibali usikitupe.

Shangazi yako